Jina Kwanza, Kisha Mpira

Nyanya yangu, tunayemwita Kukhu kama wajukuu wengi wa hapa kwetu Shinyalu, hutazama mpira kwa masikio. Macho yake yalianza kufifia nikiwa darasa la tano, lakini hata kabla ya hapo hakuwa mtu wa runinga. Ana redio ndogo nyeusi ya betri mbili, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na Ingwe, yaani timu ya kandanda ya AFC Leopards, wakicheza huiweka juu ya kigoda barazani, upande wa sikio la kulia ambalo ndilo zima. Mtangazaji akianza kupaza sauti, "Anakwenda, anakwenda, anakwenda!", Kukhu hukunja uso na kuiuliza redio, "Anakwenda wapi? Mpira uko wapi?"

Swali hilo nimelisikia maisha yangu yote. Sasa niko kidato cha nne katika shule ya kutwa ya mseto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani, na tangu kidato cha kwanza nimekuwa nikiandika habari za michezo katika gazeti la ukutani la shule yetu. Nimefundishwa na walimu wazuri, nimesoma kurasa za michezo za Taifa Leo hadi zikachanika mikunjo, lakini karibu kila kitu ninachokijua kuhusu kazi hii kilianzia kwenye kile kigoda.

Kukhu alikuwa msichana mdogo Joe Kadenge, mwana wa Vihiga, alipokuwa akitamba na Abaluhya, timu iliyoanzishwa 1964 ambayo leo ndiyo AFC Leopards. Watu wa rika lake bado husema "Kadenge na mpira", maneno waliyoyapata redioni. Hapa nyumbani mtoto akipita na ndoo ya maji kichwani bila kumwaga hata tone, Kukhu humsindikiza kwa maneno hayohayo: "Kadenge na mpira!" Kadenge alipofariki Julai 2019 nilikuwa darasa la sita, na jioni hiyo nilimuuliza Kukhu kwa nini watu wanakumbuka maneno mafupi namna ile. Alifikiri kidogo. "Kwa sababu hukuhitaji macho," akasema. "Jina kwanza, kisha mpira. Ulijua ni nani na ulijua ana nini. Yaliyobaki uliyaona mwenyewe."

Sikujua kwamba alikuwa amenipa somo. Nilipolihitaji, nilikuwa nimelisahau.

Ripoti yangu ya kwanza haikuwa ya kandanda. Ilikuwa ya fahali. Katika kidato cha kwanza mwalimu wa Kiswahili alitupa kazi ya kuandika ripoti ya tukio tulilolishuhudia wenyewe, nami nilikuwa nimetoka tu kwenye pambano la fahali upande wa Khayega. Kwa asiyejua, sisi Waisukha na ndugu zetu Waidakho tuna mchezo huu tangu zamani. Watu huamka usiku wa manane, fahali huongozwa njiani na isukuti, zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo wazee huziita baba, mama na mtoto. Vijana hukimbia mbele na matawi ya majani mikononi, filimbi zinalia, umande unawalowesha hadi magotini. (Ngoma hiyo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, nilipolisoma hilo maktabani niliona fahari na hofu kwa pamoja, maana mimi nilidhani isukuti itakuwapo daima kama mvua ya alasiri.) Fahali wawili husogezwa uso kwa uso, huinamisha vichwa, na pembe zikigusana kelele zote hukatika ghafla, kama watu elfu wamevuta pumzi mara moja. Anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa.

Niliandika kurasa tatu. Nilieleza umande, nilieleza ngoma, nilieleza mzee aliyeangusha kofia na kuiacha ikanyagwe kwa sababu hakutaka kuondoa macho yake kwa fahali wake. Mwalimu alirudisha daftari na maandishi mekundu chini kabisa: "Nzuri sana. Nani alishinda?"

Nilirudia kusoma kuanzia juu. Hakika sikuwa nimesema. Kwa kuwa nilikuwapo na nilimwona mweusi akimtimua mwenzake hadi kwenye mikaratusi, nilidhani kila mtu ameona. Hilo ndilo kosa la kwanza la mwandishi wa michezo, na nimeliona kwa kila mwanafunzi mdogo anayejiunga na klabu yetu ya wanahabari: macho yake yameshiba, kwa hiyo anasahau kwamba msomaji ana njaa.

Klabu yetu haina mengi. Gazeti ni karatasi tatu za manila zilizobandikwa kando ya ofisi ya walimu, habari zinaandikwa kwa mkono, vichwa vya habari kwa kalamu za rangi. Hubadilishwa kila baada ya wiki mbili, na wakati wa mashindano ya muhula wa pili kila Jumatatu. Patroni wetu ni mwalimu wa Jiografia, mtu mpole asiyependa maneno makubwa. Niliingia nikiwa na maneno makubwa mengi. Nilikuwa nimeyaokota redioni na magazetini, na niliyapenda kama mtu apendavyo shanga. Ripoti yangu ya pili ya kandanda ilianza hivi: "Mshambulizi wetu hatari aliachia kombora zito lililotikisa nyavu." Patroni aliisoma, akakunja karatasi, akaniambia, "Twende uniambie ni nyavu zipi."

Tulikwenda uwanjani. Magoli yetu wakati huo yalikuwa milingoti miwili ya mkaratusi na mwamba uliopinda katikati. Hakukuwa na wavu hata kipande. Nyuma ya goli la chini kulikuwa na mahindi ya shule, marefu kunizidi, na mpira ule uliofungwa ulikuwa umepitiliza humo ndani. Kipa wao na wavulana wetu watatu waliingia kuutafuta, mwamuzi akasimama na saa mkononi, na mpishi akatoka jikoni kupiga kelele kwamba wanavunja mahindi. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, nikayaacha, nikaandika nyavu ambazo hazikuwapo.

Niliandika upya: "Mpira uliingia, ukapotelea kwenye mahindi ya shule, na mchezo ukasimama wakiutafuta." Jumatatu ile wanafunzi walisimama mbele ya gazeti wakicheka kwa furaha ya mtu aliyekiona tena kitu alichokiona. Tangu hapo sijaandika kombora. Naamini Kiswahili kina maneno ya kutosha ya mpira bila kukopa ya vita: mkwaju, krosi, chenga, kona, kuotea, pasi ya nyuma, shuti la chinichini. Neno la kawaida likikaa mahali pake, Kukhu huliona.

Kuhusu daftari langu nitasema kidogo, kwa sababu wadogo zangu klabuni huniuliza. Ni la kurasa 48, lile la bei ya chini. Kabla ya mechi nachora uwanja juu ya ukurasa, mstatili tu, na pembeni naandika alama ambazo kila mwanafunzi anazijua: upande wa jikoni, upande wa barabara, upande wa kanisa, upande wa mto. Kwa hiyo nikiandika "kona ya upande wa jikoni", msomaji hahitaji kuuliza. Chini nagawa safu nne: dakika, nani, wapi, nini. Natumia penseli na si kalamu ya wino, kwa sababu huku Kakamega mvua huja alasiri bila kubisha hodi, na karatasi ikilowa kalamu ya wino hukwaruza tu wakati penseli inaendelea kuandika. Penseli nimeifunga kwa uzi kwenye daftari. Niliwahi kuiangusha dakika ya 80 na kukosa penalti nikiwa nimeinama.

Mchezo ulionifundisha kutazama ni voliboli. Mimi si mchezaji. Nilipewa kazi ya kusaidia meza ya alama, na alama za voliboli hazisamehe mtu anayeota. Ni lazima ujue nani anaanzisha, nani amehamia mbele, libero, yule mlinzi wa nyuma aliyevaa rangi tofauti, ameingia badala ya nani. Seti ni pointi 25, ya tano ni 15, na lazima tofauti iwe mbili, kwa hiyo kuna siku seti inakwenda 28 kwa 26 na mkono wako unatetemeka kama umeshika mpira wewe mwenyewe. Nilipojaribu kuandika mechi kwa kufuata mpira nilijikuta nimechelewa kila mara. Mpira ulikuwa umekwisha kuanguka ninapoinua macho. Msichana mmoja wa timu yetu, seta, yule anayewapandishia wenzake mpira ili waupige, aliniambia, "Acha kutazama mpira. Nitazame mikono." Nikatazama mikono yake. Kabla hajagusa mpira, kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimekwisha kusema utakwenda wapi. Wapinzani hawakukiona. Mimi nilikiona kwa kuwa niliketi ubavuni, na ripoti ile ilikuwa ya kwanza kuelezea kwa nini tulishinda na si kwamba tu tulishinda. (Niliificha siri ya kidole hadi msimu ulipokwisha. Mwandishi wa shule ana shule, siwezi kujifanya sina.)

Timu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, ilicheza Olimpiki ya Tokyo na tena ya Paris, na hapa kwetu Magharibi wasichana hupiga voliboli popote palipo na kamba ya kufunga kati ya miti miwili. Hata hivyo nilipohesabu habari za mwaka wangu wa kwanza katika gazeti letu niligundua wavulana wa kandanda wana habari kumi na nne na wasichana wa voliboli wana tatu. Wote walikuwa wamecheza karibu idadi ileile ya mechi. Hakuna aliyekataza. Ni mimi niliyekuwa nikienda kule kwenye kelele. Nilianza kugawa: mechi moja huku, moja kule, haidhuru nani anashangilia.

Kuwaandika wasichana hao ndiko kulikonipeleka ofisini kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamepoteza mechi ngazi ya kaunti ndogo, seti tatu kwa moja, na mmoja wao akaniambia wamecheza wakiwa wamekunywa chai ya asubuhi peke yake, chakula hakikuletwa. Nilikasirika kwa niaba yao. Niliandika: "Wasichana wetu walicheza na njaa huku wavulana wakila." Karatasi haikumaliza saa moja ukutani. Mwalimu mmoja aliibandua na kuniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kubishana, maana nilijua nina haki.

Hakunikemea. Aliniuliza, "Umezungumza na wangapi?" Nikasema mmoja. "Mpishi?" Hapana. "Dereva?" Hapana. "Wavulana?" Hapana. Akanipa karatasi yangu na kuniambia niibandike tena nikishazungumza nao. Ilinichukua siku mbili. Ukweli ulikuwa kwamba gari lililobeba sufuria lilikwama kwenye tope baada ya mvua ya usiku, wavulana nao hawakula hadi saa tisa, lakini wao mechi yao ilikuwa saa kumi na ya wasichana saa saba. Kwa hiyo ni kweli wasichana walicheza na njaa. Si kweli kwamba wavulana walikuwa wakila. Na swali kubwa zaidi, ambalo nisingelifikia kwa hasira zangu, lilikuwa kwa nini hakuna aliyeomba ratiba ya wasichana isogezwe. Niliandika hayo yote, pamoja na swali, na yalikaa ukutani wiki mbili nzima. Katika safari iliyofuata ndizi na mayai ya kuchemsha vilibebwa ndani ya basi na wachezaji. Sidai ni kwa sababu yangu. Ila seta aliniwekea ndizi moja.

Kuna pia suala la namba, ambalo mimi nalipenda kwa dhati kwa kuwa Hisabati ndilo somo langu la pili baada ya Kiswahili. Agosti 2024 tulikuwa likizoni. Jioni ya tarehe 10 nilijibana na watu wengi katika duka moja sokoni Shinyalu kutazama fainali ya mita 800 ya Paris. Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia, alimaliza kwa 1:41.19, na Marco Arop wa Kanada kwa 1:41.20. Tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde! Watu walipiga mayowe kabla namba hazijatokea na wengine wakauliza, "Ameshinda? Ameshinda?" Nilifika nyumbani nikamsimulia Kukhu, naye akauliza sehemu moja ya mia ni kiasi gani. Nilijaribu kupiga makofi mawili kwa haraka iwezekanavyo. Nikamwambia hata hayo yako mbali mno.

Baada ya hapo nilitaka kila mbio niiandike kwa namba. Mapema mwaka huu, katika mbio za kushindanisha nyumba, yale makundi ya wanafunzi, hapa shuleni, mvulana wa kidato cha pili alikimbia mita 800 na saa ya mwalimu ikaonyesha 1:52. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Rekodi ya dunia ya David Rudisha, aliyoiweka London 2012, ni 1:40.91, na huyu wetu, pekupeku, kwenye nyasi, alikuwa sekunde kumi na moja tu nyuma! Niliandika kichwa cha habari: "Rekodi mpya yazaliwa." Patroni akaniuliza swali moja, "Uwanja wetu una mita ngapi?" Mistari ilikuwa imechorwa kwa majivu, na mimi nilijua tu kwamba mizunguko miwili ni mita 800, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwingine.

Tulikwenda kupima na futi ya fundi, mimi na wenzangu wawili, tukifuata mstari wa ndani kona kwa kona. Ilitupa mita 372. Mizunguko miwili ni mita 744. Nilipiga hesabu pale pale kwenye nyasi: kwa mwendo ule, mita 800 kamili zingemchukua kama dakika mbili. Na saa ya mkono hutegemea kidole cha binadamu, ndiyo maana muda wake huandikwa hadi sehemu ya kumi tu. Dakika mbili pekupeku kwenye nyasi, kwa mtoto wa kidato cha pili, bado ni jambo la kuandikwa, nami niliandika hivyo, na nikaeleza tulivyopima. Mvulana mwenyewe alinishukuru. Alisema alikuwa akiogopa siku ya kwenda uwanja wa Bukhungu na watu kusubiri 1:52.

Makosa yote hayo niliyakamata kabla hayajaumiza mtu, au niliyarekebisha mapema. Lipo moja ambalo sikulikamata.

Ilikuwa muhula wa pili wa mwaka jana, mashindano ya kandanda ya kaunti ndogo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu kipindi cha kwanza. Jezi za vijana wetu zilikuwa za kuchanga, nyingine za shule na nyingine za kuazima kwa timu ya kijiji, na namba za mgongoni zilikuwa zimebanduka kwa kufuliwa. Tulikuwa sare moja kwa moja, bao letu likiwa limefungwa na kepteni. Dakika ya 63 tukapata kona. Mpira ulipigwa juu, ukaanguka katikati ya miguu mingi na matope, ukaonekana tena ukivuka mstari polepole kama kitu kilichochoka. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja. Daftari langu lina maandishi ya dakika ile hadi leo: 63, kona, upande wa barabara, bao. Safu ya "nani" iko tupu. Nikamgeukia mwanafunzi aliyekuwa kando yangu nikamuuliza nani amefunga. "Kepteni, nani mwingine?" akasema. Nikajaza.

Tulishinda mbili kwa moja. Jumatatu kichwa cha habari kilisomeka: "Kepteni atufungia mawili." Kepteni alikuwa nyota, kila mtu aliamini, na hakuna aliyenisahihisha.

Wiki ile ilikuwa na siku ya wazazi. Nilikuwa nikipanga pini kwenye ubao ulio jirani na gazeti alipokuja beki wetu wa kushoto, kijana mnyamavu wa darasa langu, akiwa na baba yake. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa sikumwomba ruhusa, na nimejifunza kwamba jina la mtu ni lake. Baba yake huchoma matofali. Alikuwa amevaa koti zuri lakini kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu usiotoka kwa sabuni. Alisimama mbele ya ripoti yangu na kuanza kuisoma kwa kidole, neno kwa neno, kuanzia kichwa cha habari. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena hadi mwisho. Kisha akamtazama mwanawe.

"Si ulisema ni lile la pili?"

"Ni lile la pili, Baba."

"Hapa wameandika mwingine."

Kijana hakujibu. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao na pini mdomoni. Nilijua kwa sekunde ileile nilichokifanya, na sikusema kitu. Waliondoka kwenda kwa mwalimu wa darasa, baba mbele, mwana nyuma. Katika miaka yake yote ya kucheza, lile lilikuwa bao lake la kwanza. Alikwenda nyumbani akamwambia baba yake, na gazeti la shule likamfanya mwongo.

Siku iliyofuata nilimwendea kepteni. "Si mimi," alisema bila kusita. "Mimi nilikuwa nimeanguka chini. Hukuniuliza." Nilimuuliza kipa, nikamuuliza aliyepiga kona. Wote walijua. Timu nzima ilijua. Nilimtafuta beki mwenyewe nikamwomba msamaha, naye akasema, "Si neno," kwa sauti ya mtu ambaye kwake ni neno kweli. Masahihisho yetu huwekwa kona ya chini, mistari miwili. Nilimwomba patroni niyaweke mahali palepale palipokuwa na kosa, kwa herufi za ukubwa uleule, akakubali.

Jioni nilimsomea Kukhu nilichoandika. Kilisema kwamba ripoti ya wiki iliyopita ilikosea, kwamba bao la pili lilifungwa na fulani bin fulani, na kwamba mwandishi anaomba radhi. Kukhu alisikiliza akiwa amezima redio, jambo asilolifanya ovyo.

"Umemrudishia jina," akasema. "Mpira uko wapi?"

Sikuelewa.

"Umemwambia baba yake kwamba mtoto alifunga. Hujamwonyesha. Usimpelekee pole peke yake, mjukuu wangu. Mpelekee bao lake."

Kwa hiyo nilirudi tena kwa wachezaji, mmoja mmoja, na daftari. Nilichora ile kona mara tano hadi wote wakakubaliana. Kisha niliandika upya: nani alipiga kona na kwa mguu gani, nani aliruka akaukosa, kepteni alianguka wapi, na jinsi beki wa kushoto, ambaye hakutakiwa hata kuwa pale, alivyoacha nafasi yake nyuma kwa mara ya kwanza siku hiyo na kuusukuma mpira kwa goti. Goti la kulia. Habari ilijaa nusu ya manila. Niliinakili pia kwenye karatasi ya kawaida, na Jumamosi nikamwomba beki anielekeze kwao.

Baba yake alikuwa kwenye tanuri akiziba nyufa kwa udongo. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamweleza ni mimi niliyekosea. Aliosha mikono kwenye ndoo, akaikausha kwenye suruali, akapokea karatasi na kuketi juu ya matofali. Kidole kikaanza safari yake. Kilifika kwenye jina la mwanawe kikasimama hapo kwa muda, kikaendelea, kikafika mwisho.

"Hii kona," akasema, "ilipigwa kutoka upande upi?"

Nilichukua kijiti nikachora uwanja kwenye vumbi la matofali, goli hapa, barabara hapa. Alisogea karibu. Nikamwonyesha alikosimama kila mmoja. Aligeuka akawaita vijana wawili waliokuwa wakibeba kuni waje waone, na wakaja wakachuchumaa kando yake.

"Hebu anza tena," akaniambia. "Anzia kwenye kona."